PRINTA MOJA, WATU WENGI: NANI ANAPANGA FOLENI?



Katika ofisi nyingi kompyuta ni nyingi, lakini printa, yaani mashine ya kuchapa karatasi, ni moja tu. Watu kumi wanaweza kuituma kazi kwa wakati mmoja. Je, mbona karatasi zao hazichanganyiki? Na kwa nini siku nyingine hazitoki kabisa? Leo tutaeleza.

FOLENI KAMA YA MASHINE YA KUSAGA

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Mtu hasimami na ndoo ya mahindi kichwani mpaka zamu yake ifike. Anaiweka ndoo kwenye mstari, anakwenda zake kivulini. Mwendesha mashine anamimina ndoo moja mpaka iishe, halafu ya pili. Unga wa mtu hauchanganyiki na wa mwenzake.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kazi ya kuchapa haiendi moja kwa moja kwenye printa. Kwanza inawekwa ghalani, yaani mahali maalum ndani ya kompyuta. Mwenye kazi anaendelea na shughuli nyingine. Mwendesha mashine hapa si mtu, ni programu.

ILIANZA WAPI?

Zamani kompyuta zilikuwa kubwa na za bei ghali sana. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Printa za wakati huo zilichapa mstari mzima kwa mpigo mmoja. Printa iliyoitwa IBM 1403, iliyotolewa Marekani mwaka 1959, ilichapa mistari 600 kwa dakika. Lakini hata mashine yenye mbio inahitaji zamu, maana watu ni wengi.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley, kilitoa mfumo wa kompyuta ulioitwa 4.2BSD. Ndani yake ilikuwamo programu ya lpd. Huyu lpd ndiye mwendesha mashine wetu. Yuko macho wakati wote, anangoja kazi.

KANUNI HUANDIKWA NA MTU

Lakini lpd hajui lolote mpaka aandikiwe. Msimamizi wa kompyuta huandika kanuni katika faili liitwalo printcap. Tutazame chache:

1. Jina. Kila printa hupewa jina, ili kazi ijue inakwenda wapi.

2. lp. Hapa huandikwa mahali printa ilipounganishwa. Pakikosewa, kazi hazifiki.

3. sd. Hili ndilo ghala la kazi zinazongoja. Kila printa iwe na ghala lake. Printa mbili zikitumia ghala moja, ni fujo tupu. Tena ghala lisiwe wazi, watu wasije wakasoma barua za wenzao.

4. mx. Hiki ni kipimo cha ukubwa wa kazi. Ikiandikwa 0, maana yake hakuna kikomo. Hapo mtu mmoja anaweza kuleta kitabu kizima, na mwenye karatasi moja akangoja mpaka jioni.

5. lf. Hili ni daftari la makosa. Likitokea tatizo, lpd huliandika humo.

6. sh. Kwa kawaida lpd huchapa kwanza karatasi yenye jina la mwenye kazi. Ikiandikwa sh, karatasi hiyo haitoki. Karatasi zinaokolewa, lakini ni rahisi mtu kubeba kazi isiyo yake.

KUTAZAMA FOLENI

Mtumiaji akiandika lpq, anaonyeshwa foleni: nani yuko mbele, nani yuko nyuma. Akiandika lprm, anaondoa kazi yake. Lakini kazi ya mwenzake hawezi kuiondoa. Msimamizi peke yake ndiye mwenye ruhusa hiyo. Msimamizi pia ana programu ya lpc. Kwa hiyo anaweza kuifunga foleni, kuifungua, hata kuipeleka kazi fulani mbele ya nyingine zote.

Siku hizi kompyuta nyingi zinatumia programu mpya zaidi, kama CUPS, iliyotolewa mwaka 1999. Hata hivyo, mambo ya msingi ni yale yale: ghala, foleni na kanuni. Hata maneno lpq na lprm bado yanatumika humo.

"MASHINE IMEKATAA"

Basi, ukiambiwa ofisini kwamba mashine imekataa, usikate tamaa upesi. Mara nyingi karatasi zimekwisha, au kazi ya mbele imekwama na kuzizuia zote za nyuma, au foleni imefungwa. Mambo haya yote yanatazamika. Uliza kwa adabu: "Ndugu, kazi yangu iko ya ngapi kwenye foleni? Kuna iliyokwama mbele?" Kumbe wakati mwingine kinachotakiwa ni kuondoa kazi moja tu, na watu wote wakahudumiwa.

Mashine haina upendeleo wala chuki. Inafuata ilivyoandikiwa. Anayeandika kanuni ni binadamu, na binadamu anaweza kuulizwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kazi huwekwa ghalani kwanza?
2. Kuna hasara gani mx ikiwa 0?
3. Je, ni haki msimamizi kuipeleka mbele kazi ya mtu mmoja? Ni wakati gani inafaa, na wakati gani haifai?