Mwalimu Mgeni na Jembe la Jumamosi

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hii mwaka 1962 alipokuwa akieleza msingi wa ujamaa, nayo haijachakaa hata leo. Wengi huitaja kwa kumcheka mgeni mvivu. Sisi twaona kwamba uzito wake umelala kwingine. Methali haisemi mgeni alitafute jembe, yasema apewe. Na mwenye kulitoa jembe ni mwenyeji.

Twaandika haya kwa ajili ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya taifa, nalo ni Jumamosi na Jumapili za mwalimu mgeni. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa kazi yake yajulikana: ana darasa, ana ratiba, ana mkuu wa shule. Jumamosi hana wa kumwamuru. Aweza kupanda mlima, aweza kulala, aweza kwenda kijijini kujitolea. Mgeni aliyekuja kufundisha kwa miaka miwili ana Jumamosi na Jumapili zaidi ya 200. Siku 200 si haba. Kijiji kinachozipokea bila mpango kimeipoteza mali, na kijiji kinachozipokea kwa mpango mbaya huenda kikabaki na mzigo.

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi wageni hawa walivyoanza kuja. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, vijana waliotaka kusoma walikuwa wengi, na Waafrika waliokuwa na shahada za kufundisha shule za sekondari walikuwa wachache mno. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioongozwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, kwa kushirikiana na Makerere, ukatuletea walimu wa Kimarekani na Kiingereza. Waingereza walikwisha kuwa na chama chao cha VSO tangu mwaka 1958. Na tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps. Kundi lake la kwanza lililofika Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata baadaye, kwa wingi. Wakaondoka mwaka 1969, baada ya Azimio la Arusha kutuelekeza kwenye kujitegemea, na vita vya Vietnam vikiwa vimekwisha kutia doa jina la Marekani machoni pa wengi. Mwaka 1979 walirudi. Hata baada ya miaka hiyo yote, masomo ambayo shule zetu huyalilia ni yaleyale, yaani sayansi na hisabati.

Basi na tumfikirie mwalimu wa namna hiyo aliyepangiwa shule Malinyi. Amefika Ifakara kwa basi au kwa reli ya TAZARA. Kutoka hapo avuka Mto Kilombero juu ya daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, mahali ambapo zamani watu walingoja kivuko hata jua likachwa. Kisha apita Lupiro, Itete na Mtimbira, tope likiwa jingi wakati wa masika, mpaka awakute Wandamba, Wapogoro, Wabena, na wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Mbele yake lipo bonde ambalo dunia nzima yalitambua. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu. Maji ya Kilombero yakikutana na yale ya Luwegu huzaliwa Mto Rufiji, na Kilombero ndiyo yenye kuuletea mto huo sehemu kubwa ya maji yake.

Jumamosi ya kwanza mwalimu huyu atataka kutembea, nasi hatuoni ubaya. Ataambiwa habari za milima ya Udzungwa, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, yenye maporomoko ya Sanje yapatayo mita 170, na msituni mwake nyani mwembamba wa Sanje ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1979. Kutoka Malinyi hadi huko si mwendo wa asubuhi na kurudi jioni, bali ni safari ya likizo. Karibu naye zaidi zipo mbuga zilizokuwa makao ya puku wengi kuliko mahali pengine popote, mnyama ambaye wengine humwita sheshe. Idadi yake imeshuka sana kwa kubanwa na mashamba na mifugo. Yupo pia mnana wa Kilombero, ndege wa manjano asiyepatikana penginepo duniani. Mwalimu na ayaone hayo, na ayaone pamoja na mwenyeji ajuaye njia ya mtumbwi na mahali pa viboko na mamba, kwa maana mto huu haujali cheti cha mtu. Akiisha kuyaona, atakapofundisha habari za maji na viumbe hatatafuta mifano ya Ulaya. Kwa hiyo matembezi yake si hasara kwa shule, maadamu Jumatatu anarudi darasani.

Tatizo laanza pale moyo wa kujitolea unapotangulia na shauri la wenyeji kufuata nyuma. Sote tumepata kusikia habari za kuta za darasa zilizopakwa rangi na wageni wa juma moja, hali mafundi rangi wa kijiji wako barazani hawana kazi. Ziko pampu za maji zilizofungwa kwa nyimbo, zikaharibika, na kipuri chake hakipatikani hata mjini. Yako masanduku ya vitabu ambavyo mtoto wa darasa la tano hawezi kuvisoma, vimewekwa chini ya ufunguo visije vikachafuka. Na ziko picha za watoto, zilizopigwa bila ruhusa ya wazazi, zikapelekwa mbali ili mtu aonekane mwema kwao. Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Heshima ya mtoto wa Malinyi ni sawasawa na heshima ya mtoto wa London.

Walakini lawama yote tusimtwike mgeni. Wako wenyeji ambao mgeni akija humpigia ngoma, humpikia wali na kambare, humpa kiti cha mbele, na hapo humaliza. Siku ya tatu yapita, na mwezi wa tatu wapita, jembe halijatolewa. Akiuliza, "Niwasaidie nini?" hujibiwa, "Chochote utakachopenda." Jibu hilo lina adabu nyingi na faida kidogo. Mtu aliyeachiwa achague mwenyewe atachagua alijualo, na alijualo huenda lisiwe lile tunalolihitaji.

Mfano wa kufuata hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwa kuwa uko Ifakara. Mwaka 1949 alifika bondeni Profesa Rudolf Geigy, mwalimu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Alikuja kama waendavyo wengi, kutazama wadudu na wanyama na magonjwa wayaletayo. Angaliweza kukusanya vielelezo vyake akarudi kwao, asionekane tena. Lakini mwaka 1957 maabara ilijengwa Ifakara, karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kuwafundisha Watanganyika kazi za tiba vijijini. Hapo utafiti wa mgeni uligeuka kuwa mafunzo kwa mwenyeji. Katika miaka ya 1990 maabara ile ilitoka mikononi mwa Waswisi ikawa taasisi ya Kitanzania, na leo yaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, ikiongozwa na wataalamu wa nchi hii.

Matunda yake yalionekana hata katika nyumba za Malinyi. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita ulifanyika mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na Malinyi siku hizo ilikuwa bado sehemu ya Ulanga. Vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, jina ambalo kila mama aliweza kulifahamu bila mkalimani. Mwaka 2001 matokeo yalitangazwa ulimwenguni: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kulala ndani ya vyandarua hivyo kuliongeza nafasi ya kuishi kwa asilimia 27. Hayo hayakupatikana kwa mgeni mmoja mwenye huruma na Jumamosi moja. Yalipatikana kwa sababu wageni walikaa, wakafundisha, na wenyeji wakafundishika hata wakaishika kazi wenyewe.

Kutokana na mfano huo twatoa maswali matatu, ambayo yafaa yaulizwe kabla ya kila kazi ya kujitolea. Kwanza, nani ameiomba kazi hii? Pili, mwenyeji yupi anaifanya pamoja na mgeni? Tatu, mgeni akiondoka, nani atabaki nayo? Kazi isiyo na jibu kwa maswali yote matatu na isianzwe, hata kama fedha zake ziko mezani. Na juu ya hayo, sheria zetu humtaka mgeni ajitoleaye awe na kibali. Kibali si uadui. Hata mwenye nyumba huuliza hodi ya nani.

Ikiwa maswali yamejibiwa, Malinyi haikosi majembe. Liko jembe la hisabati: mwalimu mgeni na mwalimu mwenyeji waketi pamoja Jumamosi asubuhi na wanafunzi wa kidato cha nne, mgeni akifundisha leo na mwenyeji juma lijalo, ili njia zibaki shuleni. Liko jembe la maabara: kuwaonyesha walimu vijana namna ya kufanya majaribio kwa chupa, mshumaa, chokaa na ndimu, vitu ambavyo duka la kijiji linavyo.

Tena liko jembe zito kupita yote, nalo ni la mbugani. Kila mjuzi wa bonde hili ajua kwamba mvua zinapoanza, jamaa nyingi huhamia kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali na kijiji. Huko hujenga vibanda na madungu, na kulinda mpunga na ndege na nguruwe mpaka mavuno. Mtoto hufuata wazazi, na kiti chake darasani hubaki kitupu. Mchele wa Kilombero wasifiwa sokoni Dar es Salaam. Walaji wachache huuliza nani alikuwa akifukuza ndege. Kama wazazi, mwalimu mkuu na serikali ya kijiji wangekubaliana, ukachaguliwa mti mmoja penye madungu mengi, mwalimu mwenyeji na mgeni wake wangeweza kwenda huko kila Jumamosi na ubao mdogo. Mgeni angefundisha hesabu, naye angefundishwa kupanda mpunga na kupiga kasia. Anayefundishwa hutoka na adabu ya mwanafunzi, na adabu hiyo ndiyo dawa ya majivuno ya wasaidizi.

Hapa hatuna budi kusema neno moja kwa uwazi. Wako vijana wetu wenyewe, wenye stashahada na shahada za ualimu, wanaojitolea katika shule za nchi hii wakingoja ajira. Hawajitolei Jumamosi tu. Wanajitolea Jumatatu hadi Ijumaa, wakila kwa posho ndogo ya wazazi au kwa chakula cha ndugu. Mgeni akipaka rangi ukuta mmoja hupewa risala na kitenge, na kijana huyu amalizapo mwaka mzima wa kufundisha fizikia huenda hata jina lake halikutajwa katika mkutano wa kijiji. Jambo hili halipendezi. Jembe la mgeni halitakuwa na heshima kama jembe la mtoto wa nyumbani limedharauliwa. Twawaomba viongozi wa Chama katika matawi na kata wawajue vijana hawa kwa majina, wawatafutie nyumba na chakula, na wazifikishe habari zao mahali panapohusika, ili nafasi za kazi zinapotokea kujitolea kwao kuhesabiwe.

Na zamu yetu ya kuwa wageni imekwisha kufika. Lugha ya Kiswahili imekubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Walimu wetu wa Kiswahili wanafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani na nchi nyingine. Nao wana Jumamosi zao ugenini. Yawafaa wakumbuke kwamba methali ile haikumtaja Mzungu, ilimtaja mgeni. Waulize wenyeji wao wanahitaji nini, wafanye kazi pamoja nao, na waache nyuma mtu aliyefundishika.

Basi twawausia wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu na wanachama wote wa bonde la Kilombero: msingoje mgeni afike ndipo mfikiri. Kaeni sasa, andikeni kazi tano ambazo kijiji kimezihitaji, na mbele ya kila moja liandikwe jina la mwenyeji atakayeishika. Mgeni akija, mpeni siku zake mbili za ngoma na wali. Siku ya tatu mwonyesheni orodha hiyo, na mwenye jina asimame kando yake, kila mmoja na jembe lake.