Nambari ya Fimbo na Maana Yake: Jinsi ya Kuchagua Vifaa Vipya vya Gofu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii inamwafiki mchezaji gofu anayesimama dukani mbele ya fimbo zinazometameta, kila moja ikimwahidi kuurusha mpira mbali kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Makala haya yanalenga kubainisha teknolojia imebadilisha nini, haikubadilisha nini, na mnunuzi aulize nini kabla ya kutoa pesa zake. Ingawa mada ni ya michezo, mwanafunzi wa isimu ataona kwamba ndani yake mna suala la ishara na maana.

Tuanze na draiva, fimbo ndefu inayotumiwa kupiga mpira wa kwanza. Kwa muda mrefu kichwa chake kilichongwa kwa mbao ngumu. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilileta kichwa cha chuma chenye uwazi ndani, na mwaka 1995 Callaway ikatoa Great Big Bertha ya titani. Maadamu titani ni nyepesi na imara, kichwa kiliweza kupanuliwa bila kuongezwa uzito, na uzito uliookolewa ukasogezwa pembezoni. Kutokana na hayo, mpira ukigongwa kando ya kitovu cha uso wa fimbo, kichwa hakipinduki sana na mpira haupotezi kasi nyingi. Fauka ya hayo, uso ulifanywa mwembamba, ukawa unabonyea na kurudi mithili ya ngozi ya ngoma.

Hata hivyo, maendeleo hayo yamewekewa mipaka. USGA ya Marekani na R&A ya Uskoti, ambazo ndizo zinazotunga kanuni za mchezo, ziliamua kuwa kuanzia mwaka 2004 ujazo wa kichwa usizidi sentimita za ujazo 460. Zilidhibiti pia mrudisho wa uso na uwezo wa kichwa kukinza kupinduka. Draiva nyingi za leo zimeikaribia mipaka hiyo. Kwa hivyo, mwenye draiva ya miaka mitatu asitarajie muujiza kwa kununua nyingine, ilhali mwenye ya miaka 25 ana sababu ya kubadilisha.

Mtego mkubwa zaidi umo katika fimbo za chuma zenye nambari. Zamani, fimbo nambari 7 ilikuwa na mwinamo wa uso wa takriban digrii 35. Siku hizi zipo nambari 7 zenye digrii 30 au chini ya hapo. Mwinamo ukipungua, mpira huenda mbali zaidi. Mnunuzi huijaribu, akashangilia kwamba nambari 7 mpya imeishinda ya zamani, kumbe amelinganisha fimbo mbili tofauti zilizopewa jina moja. Ferdinand de Saussure alitufunza kuwa uhusiano wa kitaja na kitajwa ni wa nasibu. Hapa kitaja kimebaki 7, kitajwa kimehama. Basi muuzaji aulizwe digrii, si nambari. Aidha, mianya kati ya fimbo moja na nyingine ichunguzwe, kwani mnunuzi huenda akalazimika kuongeza fimbo ya kuziba pengo, na kanuni haziruhusu zaidi ya fimbo 14 katika mkoba.

Je, pesa zitumiwe wapi kwanza? Vishikio vilivyochakaa vibadilishwe, maana gharama yake ni ndogo na mkono huacha kuteleza. Kisha mpini upimwe: urefu wake na ugumu wake viafikiane na kimo na kasi ya mchezaji. Kichwa kije mwisho. Ulinganisho nao ufanyike siku moja, mahali pamoja na kwa mpira wa aina moja. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko Mombasa. Anayepiga Nairobi fimbo mpya na kukumbuka mapigo ya Mombasa huisifu fimbo kwa kazi iliyofanywa na hewa.

Kwa kuhitimisha, fimbo bora si iliyo mpya, bali inayomwafiki anayeishika. Mnunuzi aliyezoea kutofautisha neno na maana yake hatadanganywa na tarakimu iliyochongwa kwenye chuma.