Maji kufaa kwa udhu si lazima yafae kunywewa

Maji ya mto Zigi hutoka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, huingia bwawa la Mabayani na kuhudumia Tanga. Msitu hushika udongo. Ukikatwa, mvua huleta tope, na tope huvikinga vijidudu visifikiwe vizuri na klorini.

Katika fiqhi tunatazama rangi, ladha na harufu. Yasipobadilika kwa najisi, maji ya mto yanafaa kwa udhu. Lakini vijidudu vya kinyesi havionekani wala havinuki, ndiyo maana hupimwa maabara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka bakteria wa E. koli asipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Nyumbani, yaache maji yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe yatokote dakika moja, kisha uyafunike. Sumu za shambani haziondoki kwa kuchemsha, hivyo tusilime ukingoni.

Mtume (s.a.w.) amekataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Anayeteka chini ya mto naye ni jirani, ana haki juu yako.