Karatasi ya semina haitoshi: kufuata mafunzo ya wafanyakazi katika vituo vyetu vya afya

Tuanze na swali kwa kila kituo cha afya na kila nyumba ya uzazi inayoongozwa na jumuiya zetu. Usiku wa leo, mtoto akizaliwa bila kupumua, aliye zamu anajua kutumia ambu? Na ukijibu ndiyo, umeliona jibu hilo wapi? Katika daftari, ama unakumbuka tu kwamba alikwenda semina mwaka ule?

Mafunzo mengi ya wafanyakazi wetu hayapiti kwenye kompyuta. Mahali pengi hakuna intaneti ya kutegemea, na hata ikiwepo, mkono wa mkunga haujifunzi kushikilia barakoa usoni pa mtoto kwa kutazama picha. Watu wanafundishwa ndani ya ukumbi wa kanisa, kwenye meza yenye mwanasesere, ama asubuhi wakati wa kubadilishana zamu. Masomo ya mtandao yana faida hii: mashine yenyewe inaandika nani amesoma na lini. Mafunzo ya ana kwa ana hayajiandiki. Lazima mtu aandike.

Kwa sasa anayeandika ni nani? Mara nyingi ni mwenye kuleta pesa. Semina inafunguliwa, karatasi ya mahudhurio inazunguka, kila mtu anaandika jina, cheo na namba ya simu, anatia sahihi, na jioni anapokea pesa ya usafiri. Kisha karatasi ile inarudi mjini pamoja na risiti za chakula, kwa maana kazi yake ya kweli ni kuthibitisha hesabu mbele ya mfadhili. Kituoni hakibaki kitu, isipokuwa cheti ambacho mwenyewe amekitundika nyumbani kwake. Hatusemi karatasi ile ni mbaya, wahasibu wanaihitaji. Lakini inaonyesha nani alikaa kwenye kiti. Haionyeshi nani anajua kazi.

Tena, mahali ambapo hakuna anayehesabu, anayekwenda semina ni yule yule: muuguzi mkuu, kwa sababu barua imeandikwa kwa jina lake, na pesa ya safari ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye mshahara wake unachelewa. Tunaelewa. Ila mkunga wa zamu ya usiku anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuitwa hata mara moja, na hakuna atakayeona, kwa kuwa hakuna ukurasa unaoweka majina hayo mawili kando kando.

Ukurasa huo unatengenezwa kwa rula na kalamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipopoteza mafundi waliokwenda jeshini, programu ya serikali iliyoitwa Training Within Industry, kati ya 1940 na 1945, iliwafundisha wasimamizi kuchora jedwali dogo. Upande mmoja majina ya wafanyakazi, upande mwingine kazi. Palipokutana jina na kazi, alama ya anayejua, ama tarehe ambayo atakuwa amefundishwa. Jedwali hilo linafaa kabisa kwa kituo chenye wafanyakazi 8. Andika majina yote, hata la mfanya usafi, kwa maana naye anachanganya klorini. Kisha andika kazi ambazo zikikosewa mtu anakufa: kufufua mtoto, kuvaa na kuvua nguo za kujikinga, kutunza friji ya chanjo, kuchoma taka za sindano. Ukilibandika ofisini, utaona mara moja kazi ambayo ina alama moja tu. Hapo kituo kiko hatarini: mtu huyo akiugua ama akihamishwa, ujuzi umeondoka naye.

Na alama haitolewi na semina. Sisi tunashika sheria moja: hakuna alama mpaka mtu mwingine anayejua kazi amemwona akiifanya, na shahidi huyo aandike jina lake.

Tuchukue mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoanzishwa 2010 na American Academy of Pediatrics pamoja na washirika wake. Yanafundisha dakika ya dhahabu: ndani ya sekunde 60 mtoto awe anapumua mwenyewe, ama awe anasaidiwa kwa ambu. Watafiti waliowafuata wakunga baada ya mafunzo hayo wameona tena na tena kwamba bila mazoezi ujuzi wa mkono unapungua ndani ya miezi michache, hata kama mtu bado anajibu maswali vizuri. Kwa hiyo alama hiyo iandikwe kwa kalamu ya risasi, pamoja na mwezi wa kurudia. Dakika kumi na mwanasesere kila juma, kabla ya zamu, zinazaa kuliko siku tano hotelini kila baada ya miaka miwili. Nazo ziandikwe, maana ni mafunzo, hata kama hakuna aliyelipwa.

Nguo za kujikinga ni hivyo hivyo. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200, wakiwemo wahudumu wa afya. Wengi walifundishwa wakati ule kuvua glavu na barakoa kwa utaratibu. Tangu hapo wengine wamestaafu, wengine wamekimbia vita, na vijana wameajiriwa. Bila tarehe mbele ya jina, kiongozi atasema "watu wetu walifundishwa", kumbe anasema habari za watu wasiokuwepo tena.

Jedwali linaonyesha hali ya leo. Historia inatunzwa na daftari, ukurasa mmoja kwa kila mfanyakazi: tarehe, somo, aliyefundisha, shahidi, mwezi wa kurudia. Msimamizi kutoka ofisi ya zoni ya afya akija kukagua, alitazame kama anavyotazama daftari la dawa. Ofisi yenye sola na kompyuta moja inaweza kukusanya majedwali ya vituo vyote katika faili moja kila miezi mitatu. Kila mwezi kurasa zipigwe picha kwa simu na kutumwa siku mtandao unapopatikana, kwa sababu siku ya kukimbia hakuna anayebeba daftari.

Jambo moja linaweza kuharibu yote. Kiongozi akitumia nafasi tupu kumgombeza mtu, ama kumkata prime, mwezi unaofuata jedwali litajaa alama za uongo. Nafasi tupu ni deni la kiongozi, si kosa la mkunga.

Mfanyakazi akihamishwa, ukurasa wake unanakiliwa na anakwenda nao kwenye bahasha. Wanaompokea wanausoma, wanaleta mwanasesere, wanamtazama akifanya, kabla ya kumwachia zamu ya usiku peke yake.