Maumivu ya taya: Jino hulaumiwa bure

MZAZI wa Kisii au Nyamira amsikiapo mwanawe akisaga meno usingizini, aghalabu hukata kauli kwamba mtoto ana minyoo. Hununua dawa, na kelele zikiendelea hununua nyingine.

Dawa ya minyoo ina manufaa yake. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa hiyo, ulioanza mwaka wa 2012, ulizijumuisha kaunti hizo mbili. Hata hivyo, ushahidi kwamba minyoo ndiyo humfanya mtoto asage meno ni dhaifu. Watoto wengi huacha wenyewe wanapoendelea kukua.

Kwa mtu mzima mambo huwa mazito zaidi. Wasiwasi, usingizi mbaya, pombe, sigara, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo huchochea tabia hiyo, ambayo mwenyewe huenda asiijue hadi aelezwe na anayelala naye chumbani. Huamka taya likiwa zito na panja zikimuuma.

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio. Ukiweka kidole hapo na kufungua kinywa, utahisi mfupa ukisogea. Ndani mna kisahani kinachozuia mifupa miwili kusuguana. Kisahani hicho kikihama, kiungo hutoa mlio au kinywa hukwama. Mlio mtupu usio na maumivu, kwa kawaida, hauhitaji tiba.

Tatizo ni kuwa maumivu ya kiungo hiki hayatulii mahali pamoja. Hupanda kichwani, huingia sikioni, hushuka kwenye magego. Hapo ndipo mgonjwa hushikilia ang'olewe jino. Jino zima likatoka, maumivu yakabaki. Gusii, kwa hakika, ina historia yake ya kutafuta chanzo cha maumivu ya kichwa: omobari, mpasuaji wa jadi, alikuwa akilikwangua fuvu la mtu ambaye kichwa kilikataa kupoa baada ya kupigwa. Kichwa kinachouma kila asubuhi kinastahili kwanza taya lichunguzwe.

Tiba huanza kwa hatua nyepesi: kuweka kando miwa na mahindi makavu ya kuchoma kwa muda, kukanda mashavu kwa kitambaa chenye maji ya moto, na kuacha meno ya juu na ya chini yaachane wakati mtu hatafuni. Daktari wa meno aweza pia kumtengenezea mgonjwa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Hiyo hulinda meno yasilike, ingawa si lazima ikomeshe kusaga kwenyewe. Wengi hupata nafuu bila upasuaji.

Zipo hali zisizoweza kungoja. Kinywa kilichokwama wazi baada ya mwayo hurudishwa na mhudumu wa afya, si kwa kofi la jirani. Maumivu ya taya yanayoandamana na kubanwa kifua huenda yakatoka moyoni. Na taya linalokaza siku kadhaa baada ya mtu kujikata kwa jembe au kudungwa na msumari huenda likawa dalili ya pepopunda. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.