Je, Wajua? Mstari Mwekundu wa Kipimo cha Malaria ni Dhahabu

Ukipimwa malaria katika zahanati ya Mapinga, Kerege au Zinga, wilayani Bagamoyo, mhudumu hukutoboa kidole, hudondosha damu kwenye kipimo cha haraka, yaani mRDT, kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20. Ukitokea mstari mwekundu penye herufi T, unahesabiwa kuwa na vimelea vya malaria. Katika vipimo vingi, wekundu huo si rangi ya dukani. Ni dhahabu.

Dhahabu ya kidani ni ya njano, lakini ikigawanywa kuwa chembe zenye upana wa nanometa 40 hivi, tabia yake hubadilika. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika chembe ndogo kiasi hicho, mwanga huzitikisa elektroni zote kwa pamoja, nazo humeza zaidi mwanga wa kijani. Jicho linabaki na wekundu. Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo jijini London na kuandika habari zake mwaka 1857, bila kuwaza malaria.

Ndani ya kipimo, kila chembe imevishwa kingamwili zinazoitambua HRP2, protini ambayo kimelea Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu. Damu na kimiminika cha kipimo huzisomba chembe hizo kwenye karatasi. Zilizobeba HRP2 hunaswa penye T na kingamwili nyingine zilizotegwa hapo, na zikirundikana za kutosha, mstari unaonekana. Penye herufi C hunaswa hata zisizobeba kitu, ili mhudumu ajue kwamba kipimo kimefanya kazi. C isipotokea, matokeo hayahesabiki, hata kama T imewaka.

Bagamoyo ina nafasi yake katika historia ya vipimo hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Clive Shiff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikuwa wilayani humo pamoja na Zul Premji na J. N. Minjas wa Muhimbili, wakitafiti vyandarua vyenye dawa. Mwaka 1993 watatu hao walichapisha matokeo ya kukijaribu nchini Tanzania kipimo kiitwacho ParaSight-F, kimojawapo cha vipimo vya kwanza vya kunasa HRP2. Mwaka uliofuata walichapisha mengine: wahudumu wa afya wa vijijini wakikitumia kipimo hicho wenyewe. Hapo ndipo penye uzito. Hadubini inataka mtaalamu aliyefunzwa kwa muda mrefu, ilhali karatasi hii ilimtaka mtu makini tu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, vipimo vya haraka ndivyo vilivyoufanya mwongozo huo utekelezeke vijijini.

ParaSight-F, hata hivyo, hakikuwa na dhahabu. Mstari wake ulitokana na vijifuko vidogo vya mafuta vilivyojazwa rangi ya waridi. Dhahabu iliingia katika vipimo vilivyofuata, ikashika nafasi hiyo hadi leo kwa kuwa haichujuki na inashikana vizuri na kingamwili.

Tatizo la mstari ni kwamba hujibu ndiyo au hapana, basi. Hausemi vimelea ni vingapi. Vikiwa chini ya 100 hivi katika kila mikrolita ya damu, mara nyingi hautokei kabisa. Tena HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kupona anaweza kuonekana bado anaumwa.

Wanaopima sukari nyumbani wamezoea jibu la aina nyingine: namba. Chanzo chake ni wazo la Leland Clark wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1962. Kwenye stripu ya sukari kuna kimeng'enya kinachonyofoa elektroni kutoka kwenye glukosi na kuzipeleka kwenye elektrodi. Sukari ikizidi, mkondo wa umeme unazidi, na mashine huugeuza kuwa namba. Mashine ya ukubwa wa kalamu iliyotumia njia hii, ExacTech, iliingia sokoni mwaka 1987.

Kwa nini malaria haikufuata njia hiyohiyo mapema? Kwa sababu glukosi imejaa kwenye damu, na HRP2 ni haba mno, hivyo mkondo wake wa umeme ni hafifu. Hapa ndipo wanakemia wanapozileta neli nyembamba mno za kaboni na, kwa mara nyingine, chembe za dhahabu. Chukua mchemraba wa dhahabu wenye upande wa sentimita moja. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe michemraba midogo ya nanometa 40, uso huo unafika mita za mraba 150, karibu sawa na uwanja wa mpira wa wavu. Elektrodi iliyopakwa chembe kama hizo hupata nafasi kubwa ya kubebea kingamwili, na neli za kaboni hupitisha elektroni kwa wepesi. Mwaka 2008 watafiti wa Gwalior, India, walichapisha kihisio cha HRP2 kilichotumia neli za kaboni na chembe za dhahabu pamoja.

Bagamoyo kungekuwa na kazi nyingi kwa kifaa cha aina hiyo. Kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo mjini humo, watu wazima wa kujitolea waliwahi kudungwa vimelea vya malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Vimelea vilionekana kwenye damu takribani wiki mbili baadaye, na waliokutwa navyo walitibiwa. Kazi kama hiyo hutaka kuhesabu, si kuona mstari tu, na leo hutegemea hadubini na mashine za kupima vinasaba.

Lakini namba peke yake haitoshi. Kihisio kinachopima HRP2, hata kikiwa chepesi namna gani, kitaendelea kuihesabu protini ya vimelea vilivyokufa. Kuna protini nyingine, pLDH, ambayo hutoweka upesi vimelea vikifa, na ndiyo inayofaa zaidi kumwambia daktari kama dawa imefanya kazi. Kisha kuna joto na unyevu wa pwani, vinavyoharibu kingamwili na vimeng'enya. Ndiyo maana kila mRDT hufungwa pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Mwisho kuna bei. Karatasi haihitaji betri wala mashine ya kusomea, hutumika mara moja ikatupwa. Kifaa cha umeme kitakachoiondoa zahanatini lazima kimpe mhudumu jibu ambalo karatasi haiwezi kumpa, na kiendelee kumpa hata wakati wa masika.