Mwalimu Asiye na Kiboko

Nilipokuwa darasa la tatu nilivikwa kibao shingoni kwa kosa la kumwomba mwenzangu kalamu kwa Kiswahili. Amri ya shule ilikuwa Kiingereza kitupu. Kibao kile kilihama shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyecharazwa. Maneno niliyofunzwa siku zile yaliingia kwa hofu, na mengi yalinitoka nilipovuka lango.

Chuoni kwa maalimu kiboko kilikuwapo pia, sikatai. Lakini herufi twaliziimba: bee tone moja chini, tee mawili juu, thee matatu juu. Jioni barazani ilikuwa vitendawili na kinyume, nyumba ikawa mbanyu. Hayo ulimi haujayasahau hata leo.

Nimeyakumbuka kwa ajili ya habari za roboti zinazofunza watoto maneno ya Kiingereza. Katika utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2004, roboti mbili ziitwazo Robovie ziliwekwa majuma mawili katika shule ya msingi. Zilisema Kiingereza tu, zikiamkiana na watoto na kucheza nao. Juma la kwanza watoto walizizonga kama nyuki. Juma la pili wengi walikwisha kuzichoka. Walioendelea kuzichezea ndio waliosonga mbele.

Mwaka 2010 mji wa Daegu, Korea Kusini, ulipeleka roboti 29 ziitwazo Engkey katika shule 21. Kumbe waliosema ndani yake ni walimu walioketi Ufilipino! Chuma kilikuwa cha Korea, sauti ilikuwa ya binadamu.

Kisha wakaja Waholanzi. Katika utafiti wao wa mwaka 2019, walishiriki watoto 194 wa miaka mitano na sita, na wengi wao walifunzwa maneno 34 ya Kiingereza kwa mchezo wa kishikwambi. Baadhi ya waliofunzwa walicheza pamoja na roboti ndogo iitwayo NAO, wengine na kishikwambi peke yake. Makundi yote mawili yalijifunza, ila waliokuwa na roboti hawakuwapita wenzao.

Basi, ndugu msomaji, faida i wapi? Mimi naiona katika mchezo. Mtoto anayecheza hulirudia neno mara kumi bila kuona adha. Tena mashine haimcheki akikosea, wala haimwaibishi mbele ya wenzake. Hilo ndilo tulilonyimwa sisi, na halihitaji roboti ya thamani kubwa. Mwalimu mwenye subira aweza kulitoa bure. Mtume (s.a.w.) alituusia tufanye mambo kuwa mepesi wala tusiyafanye mazito, ni vipi basi mafunzo ya watoto wetu tuyafanye mzigo?

Sisemi vyombo hivi ni vibaya. Vikija, tuvipokee. Lakini mzazi asidhani kwamba akinunua mashine amekwisha kulea. Watoto wa Japani waliichoka roboti kwa juma moja.

Juzi mjukuu wangu alishindwa kulishika neno la dirisha, "window". Nikamgeuzia kikinyume: "dowin". Akacheka sana, akaligeuza akalirejesha mahali pake, kisha akaomba jingine, na jingine, hata adhana ya magharibi ikatukuta barazani. Asubuhi nilimwuliza, akayasema yote.